Fundi Joab Aanza Kushukuru

Joab Wesonga alikuwa fundi wa mambo mawili. La kwanza ni cherehani, alizozitengeneza kwa miaka ishirini na sita katika chumba cha chini cha nyumba ya Adamji, Mji wa Kale, Mombasa. La pili ni kulalamika, na hili hakufundishwa na mtu. Alililalamikia jua likiwaka na mvua ikinyesha. Aliwalalamikia washonaji wanaotia mafuta ya kupikia kwenye mashine, na wale wasiotia mafuta yoyote. Ukimuuliza habari za asubuhi, alikuwa na habari za kukutosha mpaka adhuhuri, na mtu mwenye haraka zake ilikuwa heri apite njia nyingine.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mbaya. Mikono yake ilikuwa na subira ambayo ulimi haukuwa nayo. Angeweza kukaa nusu siku na cherehani kuukuu iliyokataa kushika uzi, akaifungua kipande kwa kipande, akasugua, akapuliza, na mwenyewe akija kuichukua akaikuta inashona kama ilivyotoka kiwandani. Kisha angemwambia yule mwenye mashine kwamba hastahili kuwa nayo. Watu walimzoea. Mafundi wa cherehani wa aina yake hawajabaki wengi mjini, na mtu akiwa na kazi nzuri husamehewa mengi.

Aliyemzoea kuliko wote ni Adamji mwenyewe. Mzee huyu wa Kibohora alikuwa akiuza nyuzi, vifungo na zipu upande wa mbele wa chumba hicho hicho, na Joab akakaa upande wa nyuma na meza yake ya kazi. Siku ilianza kwa Joab kulalamika na Adamji kumpinga, ikaisha hivyo hivyo. Magoti ya mzee yalipogoma, akafunga biashara, akabaki ghorofani na mkewe Sugrabai, na Joab akabaki chini peke yake na rafu tupu. Lakini mazungumzo hayakukatika. Joab alilalamika akiwa ameinua uso kuelekea ngazi, na sauti ya Adamji ikamteremkia kutoka juu ikimwambia kwamba amekosea.

Shukrani nyumbani kwa Joab zilikuwa kazi ya mkewe, Rispah. Jirani akileta mboga, Rispah ndiye aliyeitikia. Mchungaji akija kuwaombea, Rispah ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani. Mumewe alipokea tu, akatafuta kasoro. Rispah alifariki miaka minne iliyopita, na katika chumba chao cha Majengo hakuna aliyeichukua kazi hiyo.

Ndipo Wendy, binti yao, mshauri nasaha katika shule moja kule Eldoret, alipompigia simu Jumapili moja baada ya ibada. Alianza na salamu, akaingia kwenye jambo lenyewe bila kuzunguka.

"Baba, watoto wanakimbia simu ukipiga."

"Wanakimbia kwa nini?"

"Wanasema babu anagomba. Mdogo alilia juzi, ukamwambia hata kulia hajui. Baba, utazeeka peke yako."

 Maneno hayo yalimuuma Joab, na yalimuuma zaidi kwa sababu mtoto aliyelia ndiye aliyepewa jina la Rispah. Akamuuliza Wendy anataka afanye nini, kwani mtu wa miaka sitini na moja hawezi kupelekwa shule kufundishwa upole.

"Kila siku washukuru watu watatu," Wendy akasema. "Si moyoni. Kwa mdomo, na wakusikie. Ndivyo tunavyowafundisha wanafunzi, na wanasema wanalala vizuri. Jaribu mwezi mmoja."

Joab alidhani ni upuuzi, na alimwambia hivyo. Lakini Jumatatu alianza.

Wa kwanza akawa Sugrabai. Kila siku saa nne mama huyu alifungua dirisha la juu na kumteremshia Joab chai kwa kikapu kilichofungwa kamba, kwa sababu naye ngazi zilikuwa zimeanza kumshinda. Alikuwa na desturi ya kuuliza kwanza. "Fundi, chai?" Na jibu la Joab, miaka yote, lilikuwa, "Ilete, japo ya jana ilikuwa maji ya kuoshea kikombe." Siku hiyo alitoka mpaka kibarazani, akaangalia juu, na kwa kuwa alishaona watu wa mji wakifanya hivyo wakiwa na heshima zao, akaweka mkono wa kulia kifuani.

"Nashukuru, mama," akasema. "Nashukuru sana."

Sugrabai alimtazama kidogo. Akasema, "Haya," akafunga dirisha.

Joab akangoja. Kikapu hakikushuka. Saa tano ilipofika akajiambia kwamba mama wa watu amesahau, uzee huo, na akaona fahari kidogo kwamba hakulalamika. Jumanne ikawa vile vile: chai?, mkono kifuani, nashukuru, dirisha likafungwa. Jumatano na Alhamisi pia. Ijumaa Sugrabai hakuuliza tena.

Wa pili akawa Yumna, mshonaji wa mabuibui wa mtaa wa nyuma, ambaye alileta mashine yake iliyokuwa ikiruka mishono. Akamwambia kuna harusi kwao Jumamosi, na biriani itakuwa nyingi, je, amletee sahani? Joab alipenda biriani kupita kiasi. Akasimama kabisa kutoka kwenye kigoda chake, akaweka mkono pale pale, akamshukuru mara mbili na kumwita mwanangu. Jumamosi ikapita, na sahani haikuonekana. Jumatatu Yumna alipopita kuulizia mashine alimsalimu vizuri tu, na biriani haikutajwa na yeyote kati yao.

"Tangu nianze kushukuru sijala kitu," Joab akamwambia Wendy kwa simu.

Wendy akacheka. "Baba, hayo ni malalamiko."

"Ni habari. Zamani nilikuwa nagomba na ninakunywa chai."

"Endelea. Matunda hayaji wiki ya kwanza."

Akaendelea, kwa ukaidi zaidi kuliko imani. Na ni haki kusema kwamba kitu fulani kilianza kulegea ndani yake. Haikuwa furaha. Ilikuwa kama kuvua kiatu kinachombana mtu aliyekwisha kukizoea. Ili umshukuru mtu lazima kwanza umtazame, na Joab alikuwa hajawatazama watu kwa muda mrefu. Aligundua kwamba kijana anayefagia mtaa huinua vyuma vyake vilivyoanguka nje na kuviweka dirishani. Aligundua kwamba sauti ya Adamji ilikuwa imepungua, na kwamba siku hizi mzee alichukua muda kabla ya kujibu. Mjukuu, alipompigia, aliongea naye dakika nne nzima kuhusu jino lililong'oka.

Wiki ya tatu Adamji akamwita juu.

Joab alipanda akijifuta mafuta mikononi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu kichwani, miguu juu ya mto. Sugrabai alikuwa nyuma yake akikunja mashuka na kuyatia ndani ya sanduku.

"Fundi," Adamji akasema, "twahama. Mwisho wa mwezi Sanober atuchukua twende kwake Kizingo. Nyumba ya binti yetu haina ngazi. Ina bustani, mimi sijui bustani nitaifanyia nini."

Joab alilitazama sanduku. Mzee akaendelea.

"Nyumba hii ntaifunga huku juu. Kile chumba cha chini, mimi nilitaka kibaki na wewe, chote, mbele na nyuma. Kodi ni ile ile. Wasemaje?"

Hapa ni lazima ieleweke chumba kile kilikuwa nini kwa Joab. Nyumbani kwake Majengo alipanga chumba kimoja chenye kitanda, jiko na kabati la Rispah, na cherehani mbili zingetosha kumfungia mlango. Washonaji wote waliomjua walimjua pale pale kwa Adamji. Angehama pale, asingekuwa fundi tena, angekuwa mzee mwenye bisibisi. Kwa wiki nzima alikuwa ameona watu wakishuka na masanduku, akaogopa kuuliza. Sasa alikuwa akipewa mbele na nyuma.  Mkono ukaenda kifuani wenyewe, bila yeye kumkumbuka Wendy wala zoezi.

"Nashukuru, mzee wangu," akasema. "Nashukuru sana. Mungu akubariki."

Adamji akamtazama. "Hakika?"

"Hakika, mzee. Nashukuru kutoka moyoni."

Mzee akageukia dirishani. Kwenye mlango Sugrabai alimshika Joab mkono wa shati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Fundi, umefikiri vizuri?"

"Sana, mama. Nashukuru."

Akashuka ngazi akiwa mwepesi. Jioni hiyo alipima ukuta wa mbele kwa hatua zake, akapanga mahali pa kuweka mashine zilizokwisha kutengenezwa ili watu wazione wakipita. Aliwaza hata kupaka rangi. Alimpigia Wendy kumwambia kwamba zoezi lake, mwishowe, lilikuwa na maana, na Wendy alifurahi mpaka akalia kidogo, kama mama yake alivyokuwa akilia kwa habari njema.

Siku tano zilipita, na sauti ya Adamji haikushuka ngazi hata mara moja. Joab alitupa maneno juu, ya kupima tu, kwamba uzi wa siku hizi hauna nguvu. Hakujibiwa. Akafikiri mzee amechoka kwa pilkapilka za kuhama.

Siku ya sita akaingia Umair, mtoto wa dada yake Adamji, mwenye duka la simu na makava yake kule Bondeni. Alikuwa kijana mpole wa miaka thelathini, mwenye haya. Alitoa salamu, akaomba radhi, akaanza kupima ukuta kwa futi.

"Wapima nini?" Joab akauliza.

"Mjomba amenituma nipime. Amenipa chumba hiki." Umair akaona uso wa Joab, akaongeza haraka, "Aliniambia wewe umekikataa, fundi. Mimi singekuja hivi hivi."

 Joab alirudi kwenye meza yake, akakaa. Lawama zilimjia, kama zilivyokuwa zikija siku zote, na zilikuwa nzuri: mzee mwongo, mtu na damu yake, miaka ishirini na sita. Lakini safari hii hazikutoka. Alikuwa na uchungu wa namna nyingine, wa mtu aliyeanza kuamini kitu uzeeni na kugundua kwamba amechekwa. Umair alimaliza kupima, akaaga. Joab akashusha kisanduku chake cha bisibisi kutoka rafuni na kuanza kupanga vyuma vyake ndani.

Yumna alimkuta hivyo, alipokuja kuchukua mashine.

"Baba Wendy, wahama?"

Akamweleza. Alieleza kwa kifupi, bila kugomba, na hilo ndilo lililomtisha Yumna. Akavuta kigoda, akakaa.

"Hebu nambia tena," akasema. "Mzee alipokwambia chumba kibaki na wewe, ulimjibu vipi?"

"Nilimshukuru."

"Kwa neno gani?"

"Nashukuru. Kuna neno lingine?"

"Na mkono?"

Joab akamwonyesha, kiganja kifuani. Yumna akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na buibui likamteleza kichwani akalirudisha akiwa bado anacheka. Joab alimngoja, uso umemwiva.

"Ulikikataa, baba," Yumna akasema alipopata pumzi. "Ulikikataa kwa heshima zote."

"Nilimshukuru, nakwambia."

"Ndio hivyo. Sikiza. Mtu hushukuru akishapewa, kitu ki mkononi. Akiwa bado akuuliza wataka au hutaki, nawe ukasema nashukuru, ukaweka na mkono hapo, ushamwambia hapana. Na hapana ya mwisho. Akuulize tena ya nini?"

"Kama mtu hataki, si aseme hapana?"

"Usoni mwa mtu?" Yumna alimtazama kama aliyeambiwa atoke bila viatu na bila nguo. "Hapana yatupiwa mbuzi, Baba Wendy. Haambiwi mtu akupaye chai."

Joab akawa akihesabu ndani kwa ndani. Kikapu. Dirisha. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Na biriani yako?" akauliza.

"Mimi nikasema, huyu mzee labda biriani za watu hali. Ililiwa na wakwe."

"Nimekaa mji huu miaka ishirini na sita."

"Na miaka ishirini na sita hukumshukuru mtu. Ungejulia wapi?" Yumna akasema, bila ubaya. "Zamani ulikuwa ukisema ilete. Ulikuwa huna adabu, lakini ulikuwa wafahamika. Inuka uende juu."

Alipanda ngazi zile polepole kuliko siku zote. Alimkuta Adamji mahali pale pale, masanduku yameongezeka, na mzee akamkaribisha kwa sauti safi, isiyo na joto wala baridi.

"Karibu, Bwana Joab."

Hakuwahi kumwita hivyo. Tangu siku ya kwanza alikuwa fundi. Joab alisimama katikati ya zulia, mikono haijui pa kukaa, akaihofia, akaificha nyuma.

"Mzee, nakitaka kile chumba."

"Ulikikataa."

"Sikukikataa. Nilishukuru."

"Ni mamoja," Adamji akasema. "Nilikuuliza mara mbili. Mama akakuuliza ya tatu. Mtu akikataa mara tatu mimi nimwombe kwa magoti? Na haya magoti?"

"Hata chai," Sugrabai akasema kutoka pembeni, na ikawa wazi kwamba yeye ndiye aliyeumia zaidi. "Siku nne nafungua dirisha, nakataliwa mbele ya mtaa. Nikamwambia Adamji, fundi ashasikia twahama, ashatutoa moyoni mapema ili asisumbuke."

Joab akawaeleza. Aliwaambia habari za Wendy na watu watatu kwa siku, na simu ambayo wajukuu waliikimbia. Alisema kwamba kwao bara mtu akipewa kitu hushukuru, na mambo yakaisha, na kwamba mkono ule aliuona kwa watu wa mji akaupenda. "Mtoto aliniambia nishukuru nisije nikazeeka peke yangu," akasema, na sauti ikamtoka vibaya.

Sugrabai akaweka chini shuka alilokuwa akilikunja. Adamji aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na kwa kitambo hawakujua kama mzee analia au anacheka. Alikuwa akicheka, lakini si sana.

"Miaka yote hii," akasema, "hukuniambia kitu kimoja wataka. Waniambia kilichoharibika tu, kisha mimi nikae nitafute mwenyewe wataka nini. Ulisema macho yako yafa kwa giza la kule nyuma, nikaweka taa. Ukasema mgongo, nikanunua kile kigoda. Ukasema joto lataka kukuua na sisi tutafurahi ukifa, nikaweka feni. Siku ya feni ulisema yapiga kelele."

"Yapiga," Joab akasema.

"Yapiga. Niliitia mafuta."

Joab alikuwa na umri wa kutosha kujua anaambiwa nini. Taa ile, kigoda kile na feni ile vilikuwa pale kila siku, amevikalia na kuvitumia, na kichwani mwake vilikuwa vimeota vyenyewe. Wendy alimtuma atafute watu watatu kila siku, naye akazunguka mtaa mzima kuwatafuta. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshuka mpaka miguuni.

"Lakini neno langu nimeshampa Umair," Adamji akasema. "Siwezi kulirudisha mdomoni. Yule ni mtoto wa dada yangu, na nilimwahidi mwenyewe."

"Mwite," Sugrabai akasema.

"Nimwite nimwambie nini?"

"Mwite tu. Mtoto aliondoka hapa hana raha. Mimi nilimwona."

Umair alikuja baada ya sala ya alasiri, futi bado mfukoni. Mjomba wake alimkalisha, akamzunguka kwa habari za dukani na za mama yake, akafika kwenye chumba. Akamwambia kwamba neno ni neno na chumba ni chake, ila fundi hapa alikuwa hakueleweka, na kama ingewezekana wagawane, mbele na nyuma.

Umair alilitazama zulia. "Mjomba, mimi sikusema nakichukua."

"Hukusema? Nilikuuliza hapa hapa."

"Nilisema inshaallah."

"Ndio. Ulisema inshaallah."

"Nilisema mara tatu, mjomba," Umair akasema kwa unyonge. "Nikatazama chini. Nilidhani wafahamu. Duka la Bondeni lanishinda lile moja. Uliponituma nipime nikaja kupima kwa heshima yako."

 Sugrabai alijipiga paja. "Mmoja ataka asema nashukuru, mmoja hataki asema inshaallah, na huyu mzee amekaa katikati agawa nyumba."

Walicheka wote wanne, Umair kwa kutuliwa mzigo, Adamji mpaka akatafuta leso. Joab alicheka pia, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya chumba kile cha juu tangu alipokijua. Alikunywa chai mbili. Ya pili aliiomba, kwa neno la ilete, na hakusema lolote kuhusu maji ya kuoshea kikombe, ingawa sukari ilikuwa kidogo.

Hivyo chumba kikawa chake. Kwa siku zilizobaki mazungumzo ya ngazini yalirudi, na Adamji alimpinga kila neno kama mtu anayelipiza siku alizonyamaza. Joab alipaka rangi upande wa mbele. Yumna alimletea mteja mpya, mwanamke wa shule ya ushonaji mwenye mashine tisa mbovu. Kila kitu alichokitaka alikipata, na alikuwa na furaha, na alimweleza Wendy hivyo bila kuongeza chochote.

Ikafika siku ya kuhama. Gari la Sanober halikuweza kuingia mtaani kwa wembamba wa njia, likabaki barabarani, na mizigo ikapelekwa kwa mkokoteni. Sugrabai alishuka akishikwa na binti yake, akatangulia. Adamji hangeweza kutembea umbali ule, kwa hiyo mahamali wawili walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakamteremsha ngazi hatua kwa hatua, yeye akiwaelekeza kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine. Walipofika mlango wa chini akawaambia wamtue kidogo.

Akatazama ndani. Aliiona rangi, akasema ni ya hospitali. Aliziona mashine zimepangwa mbele ambako zamani palikuwa na vifungo vyake, akatikisa kichwa kukubali. Joab alikuwa amesimama mbele yake na kitambaa cha mafuta mkononi.

"Basi, fundi," Adamji akasema. "Chumba umepata. Kuna kingine wataka? Sema sasa, usinizungushe, hawa watu wana kazi zao."

Aliuliza kwa mzaha. Mahamali wakatabasamu, na mmoja wao akaanza kuinama ili ashike mguu wa kiti. Joab aliangalia ndani ya chumba, ukuta kwa ukuta, chumba ambacho wiki mbili nyuma alikiona kama uhai wake wote. Akaangalia ngazi.

"Nataka usiende," akasema.

Hamali akainuka tena. Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli akaisukuma kuzunguka kiti, akasalimu, akapita. Adamji alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa. 

"Hilo sina, Joab," akasema. "Hata mimi sitaki."

Kisha akawapa mahamali ishara kwa vidole, wakamwinua, wakaenda naye wakifuata ukuta wenye kivuli. Joab alisimama mlangoni mpaka wakapinda kona. Mashine ya kwanza ya yule mwanamke wa shule ilikuwa ikimngoja mezani, sindano imepinda na mkanda umekatika, na mwenyewe alisema ataifuata saa nane.